Lavenda ya Likunja

Vijana wa kitalu wameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nadhani walitaka maelezo ya mbolea. Mbolea nitaitaja, lakini kila nikikaa mezani kuikumbuka kazi, si mbolea inayonijia kwanza. Vyeo na mishahara nitaviacha. Cheo changu kilikuwa mtunza bustani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara wa mtunza bustani mnaujua wenyewe. Nimeacha kazi kabla ya kufika umri wa miaka hamsini kwa sababu mgongo umekataa kuinama, na mtunza bustani asiyeinama ni mtazamaji tu.

Nilifika Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, miaka ya arobaini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na nyumbani Songea walitegemea ningekuwa karani, nikae kivulini na kalamu. Lakini kukaa ndani kulinishinda. Tangu utoto wangu nilikuwa mtu wa kutaka kujua barabara inaishia wapi, na barabara ile iliishia kwenye vumbi jekundu, matrekta, na mistari ya nyumba mpya zisizo na hata jani moja mbele ya mlango. Wazungu waliozijenga waligundua kuwa wake zao hawawezi kukaa mahali pasipo jani. Ndipo kikaanzishwa kitalu cha miche, na mimi nikaandikwa.

Siku ya kwanza msimamizi wa kitalu, Mzee Shemweta, hakunipa jembe. Alinipa ndoo ya kumwagilia, ile yenye mdomo wa matundu, akaniambia nimwagilie udongo mtupu. Nikamwagilia kwa nguvu za ujana, maji yakachimba mashimo. Akaichukua ndoo, akainua mdomo wake juu kwanza, maji yakaanza kuanguka pembeni, kisha akayaleta taratibu juu ya tuta kama mvua ndogo inayopita. Akairudisha ndoo mkononi mwangu, akaenda zake. Kazi hiyo niliifanya mpaka jioni, na hakuna chochote kilichokuwa kimepandwa pale.

Mzee Shemweta alikuwa Msambaa, mtu wa Lushoto, aliyelelewa katika bustani za milimani kwenye baridi na ukungu. Nachingwea ilimchosha, lakini hakulalamika, ila tu alivaa koti la sufu hata kwenye jua kali, kana kwamba anaisubiri hali ya hewa ijirekebishe. Alikuwa na mkasi mmoja wa kupogolea aliokuja nao, na hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Alikuwa pia na sharti moja ambalo nimelichukua kila mahali nilipofanya kazi: mmea usioujua usiung'oe mpaka utoe ua. Magugu yanayojulikana, ng'oa. Usiyoyajua, yamwagilie kama mengine, yakitoa maua ndipo uamue.

Mtu wetu wa tatu alikuwa Rashidi, mchota maji, mwenyeji wa Ruangwa, Mmwera. Alikuwa amenizidi umri kidogo na alikuwa na maneno mengi. Mimi aliniita Bwana Karani kwa sababu ya shule yangu, na Mzee Shemweta alimwita Mzee Baridi, ingawa hilo Rashidi alilisema akiwa mbali kidogo, upande wa pili wa kisima.

Sasa niwaeleze habari ya lavenda. Mke wa fundi mmoja wa matrekta alikuwa mchoraji. Alitoka Afrika Kusini, pande za Rasi, na alisema Kiswahili cha vipande vipande lakini kilichoeleweka. Sisi tulimwita Memsabu Rangi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuwa safi. Alinihadithia siku moja, akiwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, kwamba kwao, kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, yeye na wenzake walikuwa wakienda kwenye shamba la lavenda la shangazi yake. Walitembea bustanini asubuhi, mchana wakachora. Lavenda, alisema, ni kijiti kidogo chenye maua ya zambarau hafifu na harufu ambayo kwetu mnaikuta kwenye sabuni. Shangazi alishakufa na shamba likauzwa. Siku hiyo alitukabidhi bahasha ya mbegu, nazo zilitoka kwenye shamba hilo.

Mzee Shemweta alizipanda mwenyewe katika visanduku vya mbao, mwezi Februari, udongo ukiwa umechekechwa na kuchanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. (Hiyo ndiyo mbolea niliyowaahidi.) Juu yake tukatandaza nyasi na mabua yaliyokatwa, mabua ambayo lori lilikuwa limeyaleta kutoka vijijini. Tukavifunika visanduku kwa kivuli cha makuti, tukamwagilia kama mvua ndogo inayopita.

Zikaota. Mimi nilifurahi kuliko wote. Miche ilisimama wima, ikapanda haraka, tukaihamishia kwenye matuta na kuiwekea fito za kuegemea. Memsabu Rangi alikuja, akachuma jani, akalisugua kwa vidole, akanusa, akasema ahsante, akaondoka. Nikadhani furaha imemzidi. Mwezi wa Aprili yakatoka maua, vikengele vidogo vya rangi ya zambarau hafifu, kama alivyoeleza. Nilimwendea mbio nyumbani kwake kumwambia kuwa lavenda imechanua.

Alikuja, akasimama mbele ya tuta. Mzee Shemweta alikuwa pale na koti lake, na Rashidi ameweka chini ndoo zake.

"Nzuri sana," alisema memsabu. "Lakini si lavenda."

"Ni ufuta," akasema Rashidi.

Mzee Shemweta akamgeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa na majani mawili, Mzee."

"Na hukusema?"

"Nilidhani mnajua," alisema Rashidi, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Nimeona karanga zinalimwa kwa trekta. Nikasema basi, ufuta nao wameamua kuulima kwenye sanduku. Mimi ni mtu wa maji tu."

Memsabu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe yeye naye alijua tangu siku ile alipolinusa jani, lakini aliona jinsi Mzee alivyoitunza ile miche, akashindwa kusema. Mzee Shemweta, ambaye kwao ufuta haulimwi, akasema yeye alishaanza kushuku, ila sharti ni sharti, maua yalikuwa hayajatoka. Mbegu za bahasha hazikuota hata moja. Zilizoota ni zile zilizosalia kwenye mabua tuliyotandaza. Kwa hiyo aliyeamini kuwa ni lavenda, katika kitalu kizima, nilikuwa mimi peke yangu.

Alipomaliza kucheka, memsabu aliyatazama yale maua muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna mahali yalipo mengi, shamba zima, hata mtu akisimama asione kitu kingine. Rashidi akamwambia yapo kwa dada yake, kijijini Likunja.

Hapo lazima nieleze habari za huyo dada, kwa maana safari yote ilimhusu yeye kuliko sisi. Bi Somoe alikuwa ameachika na kurudi kwao. Kwa Wamwera ardhi hukaa upande wa mama, na msemaji wa ardhi ya ukoo wao alikuwa mjomba wao, Mjomba Bakari. Yeye alimpa Bi Somoe kipande kimoja kando ya njia, kwa msimu mmoja, amwone. Akivuna vizuri, kitakuwa chake. Asipovuna, mjomba atapanda mikorosho pale, na mkorosho ukishasimama shambani, mwenye shamba ni aliyeupanda. Rashidi alinieleza hayo tukijaza ndoo, na kwa mara ya kwanza hakuniita Karani.

Memsabu alitaka kwenda kesho yake. Mvua zilikataa. Kijito kimoja njiani kilikuwa kimesomba kidaraja cha magogo, na gari halikuweza kupita. Tukasubiri mpaka Mei. Katika kusubiri, mkataba wa mumewe ukafikia mwisho, na makreti ya kufungia vyombo yakaonekana barazani kwao. Tulipopata habari kwamba njia imefunguka, zilikuwa zimebaki siku chache tu waondoke. Akanichukua mimi, Mzee Shemweta na Rashidi kwenye gari lake la turubai, tukaondoka alfajiri.

Mlioshika ufuta mnajua unavyokomaa, wengine niwaeleze. Ufuta huchanua kuanzia chini kwenda juu. Kileleni bado kuna maua, na chini kabisa vitumba vyenye mbegu vimeshakomaa. Ukisubiri mpaka kilele nacho kikomae, vitumba vya chini hupasuka na mbegu humwagika chini, na mbegu iliyomwagika haiokoteki. Kwa hiyo hukatwa ungali na maua machache juu, hukatwa asubuhi kukiwa na umande, kabla jua halijavikausha vitumba. Kisha hufungwa mafungu na kusimamishwa kwenye vichanja mpaka ukauke.

Tulipofika Likunja tuliwakuta watu shambani na miundu mikononi. Ilikuwa siku ya Bi Somoe ya kukatiwa. Kwao watu hualikana. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila nyumba ina siku yake. Vyungu vya chakula vilikuwa jikoni tayari. Siku hiyo ikikupita, unarudi nyuma ya wote.

Memsabu alishuka garini, akaliona shamba. Lilikuwa linapanda kidogo kuelekea kilimani, na vilele vyote vilikuwa bado na maua yale ya mwisho, zambarau juu ya kijani, na ukungu mwepesi bado umekaa upande wa nyuma. Alifungua kigoda chake kando ya njia, akaweka ubao na karatasi. Kisha akamuuliza Bi Somoe, kwa Kiswahili chake cha vipande, kama watu wanaweza kungoja kidogo upande huu, ili achore.

Bi Somoe alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alimtazama mgeni, akatazama makreti mawili matupu yaliyokuwa nyuma ya gari. Rashidi alikuwa ameshamwambia kuwa huyu anaondoka.

"Mgeni akae," alisema. "Tutaanzia nyuma, tuje huku."

Mjomba Bakari alikuwa amesimama kwenye ncha ya shamba na fimbo yake. "Somoe," alisema, "huku mbele ndiko kulikokomaa. Ulianzia huku kupanda."

"Najua, mjomba. Nilipanda mwenyewe."

Mjomba alikwenda kukaa kwenye jiwe, mahali ambapo angeweza kuliona shamba lote.

Watu wakazunguka mpaka nyuma, wakajipanga mstari, wakaanza kukata wakija kwetu. Nimeona bustani nyingi tangu siku hiyo, lakini sijaona tena kitu kama kile. Kwanza ulisikia sauti tu, vicheko na miundu, watu hawaonekani. Kisha vichwa vikatokeza juu ya maua, kofia na vilemba, halafu mabega, na nyuma yao shamba likibaki wazi. Memsabu alichora haraka mno. Mwanzoni alitaka maua peke yake. Nikaona anaanza kuweka na vichwa.

Jua likapanda. Umande ukaisha. Kazi haikuwa imefika nusu. Mzee Shemweta, ambaye alikuwa amesimama karibu nami, alivua koti lake. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti, na nikajua kuna jambo. Akanionyesha sikio. Nikatega. Katika mimea iliyokuwa mbele yetu palikuwa na sauti ndogo, tik, hapa, tik, pale, kama mtu anayevunja vijiti vya kiberiti kwa uvivu.

Nilimtazama Rashidi aliyekuwa mstarini. Alikuwa ameshasikia hata kule alikokuwa, au alikuwa anajua saa yake, kwa maana alikuwa anakata bila kunyanyua kichwa na hakuwa anatania mtu. Bi Somoe alikata kando yake, kwa mwendo uleule, wala hakumwita yeyote aende mbele. Alishamwambia mgeni akae.

Upepo mdogo ulipita. Mbegu zikadondoka juu ya karatasi ya memsabu, zikanata kwenye rangi mbichi. Alijaribu kuzipangusa kwa kidole, akaharibu. Akauliza, bila kugeuka, "Hii nini?"

Nilikuwa natafuta maneno ya heshima. Mzee Shemweta hakuyatafuta.

"Ni shamba, memsabu," alisema. "Limeanza kumwagika."

Memsabu alishusha brashi. Alitazama mbegu zilizonata, kisha mimea iliyokuwa mbele ya magoti yake, kisha mjomba kule kwenye jiwe. Alifunga sanduku la rangi, akasimama, akakunja kigoda chake. Kisha akaenda kwenye gari, akaanza kufungua kamba za turubai.

Tulilitandaza lile turubai pale pale alipokuwa amekaa. Rashidi aliwapigia kelele wenzake, wote wakauacha mstari na kukimbilia mbele. Ikawa kila anayekata analaza mmea taratibu juu ya turubai, na kinachomwagika kinamwagikia humo. Mzee Shemweta alitoa mkasi wake mfukoni, akamkabidhi memsabu akate nao. Mimi, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kuushika, nilishika pembe ya turubai.

Tulimaliza mbele jua likiwa utosini, na sehemu iliyobaki katikati ikakatwa jioni, na kwa kuwa ilipandwa baadaye haikuwa imepata hasara. Mjomba Bakari alishuka kutoka kwenye jiwe lake, akainama juu ya turubai, akachota mbegu kwa kiganja, akazimimina tena. Kisha akayatazama mafungu yaliyosimama kwenye vichanja, mstari mrefu. Bi Somoe alisimama mbele yake na mundu bado mkononi.

"Mikorosho yangu," alisema mjomba, "nitaipanda ng'ambo ya kijito."

Bi Somoe alisema, "Haya, mjomba," akaenda kupakua chakula.

Tulipokuwa tunaondoka, memsabu aliitoa ile karatasi. Juu palikuwa na kilima, maua na vichwa vya watu. Chini palikuwa na mistari ya penseli tu, na katikati zile mbegu zimenata. Akampa Bi Somoe kwa mikono miwili.

"Hii yako," alisema. "Mbegu yako iko ndani. Mimi nitarudi, nitamaliza."

Wiki hiyo hiyo walisafiri. Kitalu nacho hakikudumu. Nyumba zilianza kubaki tupu moja moja, na nyumba tupu haihitaji maua. Mzee Shemweta alirudi Lushoto kwenye baridi yake. Mimi nilianza kuzunguka: Lindi, Tukuyu, Moshi, mwaka huku, miaka miwili kule. Kila bustani niliyopewa, nilisia mstari mmoja wa ufuta pembeni. Wenye nyumba waliuliza ni ua gani, wakaambiwa, wakasikitika, kisha wakauacha kwa sababu ulikuwa mzuri. Mkitaka kujaribu, msiumwagilie sana. Haupendi miguu yake ikae kwenye maji.

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni nilipita tena Ruangwa. Sikuwa na shughuli huko. Miguu ilinipeleka tu. Mikorosho ilikuwa imejaa njia nzima, kulia na kushoto, imeshaanza kugusana matawi. Kisha ikakatika ghafla, pakawa peupe, na pale palikuwa na ufuta.

Bi Somoe alinikumbuka. Aliniita mwenye pembe ya turubai, akanikaribisha ndani. Ile karatasi ilikuwa ukutani, imegeuka rangi kwa moshi, lakini vichwa vya watu bado vinaonekana na mbegu bado zimenata. Nilimwambia kuwa memsabu hakuniandikia, na kwamba sikujua kama yu hai. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua ya mbali.

Tulipotoka nje nililitazama shamba kwa jicho la kazi, nikaona jambo. Upande wa nyuma, kilimani, vitumba vilikuwa vimekomaa, karibu kukatwa. Huku mbele, kando ya njia, ufuta ulikuwa mchanga zaidi, bado umejaa maua mpaka kiunoni. Nikamuuliza kama mwaka huo mvua zilimchelewesha.

"Mvua zilikuwa nzuri," alisema. "Siku hizi naanzia kule nyuma kupanda. Huku mbele napanda mwisho, kila mwaka."

Nikamuuliza sababu, ingawa nadhani nilishaijua.

Alinyoosha mkono pale kando ya njia, mahali pa kigoda. Nyasi zake zilikuwa zimefyekwa.

"Akija," alisema, "asihame."